Kwa Nini Mikopo ya Benki Huwa Migumu kwa Mkulima

Kila mwaka mwezi wa Machi unapokaribia, mkulima wa mahindi katika Trans Nzoia au Uasin Gishu huwa na haja ya fedha kwa mambo mengi kwa wakati mmoja. Shamba lataka kulimwa kwa trekta, mbegu lazima zinunuliwe kabla ya mvua, na mbolea haingoji. Mahindi yenyewe hayatavunwa mpaka Oktoba au Novemba. Katikati ya Machi na Novemba kuna miezi minane ambayo fedha hutoka tu na haziingii. Ndiyo sababu mkulima huvaa koti lake safi, huchukua hati ya shamba lake, na kwenda mjini kumwona meneja wa benki.

Miaka mingine meneja humkaribisha, humwagizia chai, na karatasi hutiwa sahihi katika wiki moja. Miaka mingine mkulima yule yule, mwenye shamba lile lile, huambiwa kwamba mambo ni magumu na ajaribu tena mwaka ujao. Hurudi nyumbani akiwa na uchungu, akifikiri kwamba labda kuna mtu aliyemsema vibaya, au kwamba benki haiwapendi watu wa shamba. Huenda yasiwe hayo. Mara nyingi sababu yake iko mbali sana na shamba lake. Iko Nairobi, katika shauri la Benki Kuu na Hazina ya Serikali. Yafaa kila mkulima na kila karani anayeweka akiba aijue sababu hiyo, maana asiyejua mlango hufungwa na nani hubisha hodi mahali pasipofaa.

FEDHA ZA BENKI NI ZA NANI

Watu wengi hudhani kwamba fedha zilizomo katika benki ni mali ya benki. Sivyo. Sehemu kubwa ni akiba za watu: mshahara wa mwalimu, malipo ya chai ya mjane wa Kericho, mauzo ya duka la Machakos, na fedha za chama cha ushirika. Benki huzitunza fedha hizo, na huzikopesha kwa wengine kwa riba. Katika riba hiyo benki huwapa wenye akiba sehemu yao, hulipa makarani na nyumba, hufidia mikopo iliyopotea, na kinachobaki ndicho faida yake.

Kwa hiyo meneja anapomtazama mkulima ng'ambo ya meza, humwona pia yule mwalimu na yule mjane nyuma yake. Hujiuliza maneno mawili. La kwanza, je, fedha hizi zitarudi? La pili, je, kuna mtu mwingine ambaye angenilipa vizuri zaidi bila kunipa wasiwasi? Jibu la swali la kwanza liko kwa mkulima mwenyewe. Jibu la swali la pili hutegemea sana yale yanayofanywa na Serikali.

JINSI MKONO UNAVYOKAZWA

Benki Kuu ya Kenya iliundwa mwaka 1966. Moja ya kazi zake ni kulinda thamani ya shilingi. Fedha zikizidi mno mikononi mwa watu na bidhaa zikabaki zile zile, bei hupanda, na aliyeweka akiba hupoteza ingawa hesabu yake katika daftari haijapungua. Hapo Benki Kuu hukaza mkono ili watu wakope kidogo na watumie kidogo.

Njia zake kubwa ni tatu. Kwanza, hupandisha riba yake ya msingi, ambayo benki nyingine huitazama kama msafiri anavyotazama saa ya stesheni. Riba hiyo ikipanda, riba za mikopo yote hupanda nyuma yake. Pili, huziamuru benki zote ziweke kwake sehemu ya amana za wateja, nazo haziwezi kuzikopesha. Mpaka mwanzo wa mwaka 2025 sehemu hiyo ilikuwa shilingi 4 na senti 25 katika kila shilingi 100. Mwezi wa Februari mwaka huo ikapunguzwa kuwa shilingi 3 na senti 25. Tatu, huuza hati za Serikali kwa benki, na fedha zilizolipiwa hati hizo huondoka katika soko.

Kukaza mkono si jambo baya lenyewe. Mwaka 1993 Kenya iliona hasara ya kuchelewa kufanya hivyo. Fedha zilikuwa zimemwagwa kwa wingi, bei za vitu zikapanda kupita kiasi, na ilipobidi fedha zile ziondolewe, riba ya hati za Hazina za siku 91 ilipita 80 kwa mia. Wakati kama huo hakuna mkulima wala mwenye kiwanda awezaye kukopa na kubaki salama. Ugonjwa ulioachwa ukakomaa hutaka dawa chungu zaidi.

Lakini dawa hiyo hawainywi watu wote sawasawa. Kampuni kubwa yenye mali nyingi hupata mkopo hata siku za shida. Mkulima wa ekari tano huwa wa kwanza kuachwa, na wa mwisho kukumbukwa.

MAMBO YA ZAMANI

Jambo la kumzuia mtu asikopeshwe halikuanza jana. Mwaka 1931 serikali ya kikoloni ilianzisha Benki ya Ardhi, lakini ilikuwa ya walowezi, ambao walikuwa na hati za mashamba za kuweka rehani. Mwafrika katika eneo lake hakuwa na hati, na bila hati hakuwa na cha kuweka rehani.

Mwaka 1948 ilitungwa sheria ya kuongoza mikopo kwa Waafrika. Mfanyabiashara asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika zaidi ya shilingi 200 hakuweza kumdai mahakamani, ila mapatano yao yawe yameandikwa na kukubaliwa na ofisa wa serikali. Walioitetea walisema kwamba inamlinda Mwafrika asiingie katika madeni mazito. Matokeo yake yalikuwa kwamba mwenye duka wa Kiafrika aliyeweza kuuza shehena nzima ya sukari alinyimwa bidhaa kwa mkopo, akabaki kununua kidogo kidogo kwa fedha taslimu, huku mshindani wake akijaza ghala. Sheria hiyo haipo tena, lakini funzo lake lafaa kukumbukwa, kwa kuwa lilirudi tena karibu miaka 70 baadaye katika vazi jingine.

Mwaka 1954 ulitoka mpango wa kilimo uliopewa jina la Roger Swynnerton, ofisa wa Idara ya Kilimo. Mpango huo ulitaka vipande vya ardhi vilivyotawanyika viunganishwe, vipimwe, na kila mwenye shamba apewe hati. Moja ya sababu zilizotajwa ilikuwa kwamba mwenye hati ataweza kukopa. Hati zilitolewa kwa wingi, na Shirika la Fedha za Kilimo likaanzishwa mwaka 1963 ili liwakopeshe wakulima.

Hata hivyo hati peke yake haikufungua kila mlango. Shamba la Mkenya si duka la kuuzwa asubuhi likanunuliwa jioni. Pana makaburi ya wazee, pana mama na watoto, na pana ndugu upande huu na upande ule. Deni likishindikana na shamba likapigwa mnada, mara nyingi hakuna jirani atakayenyanyua mkono, na mgeni atakayelinunua huogopa kulikanyaga. Meneja wa benki ayajua hayo. Hati ya shamba iliyo mikononi mwake humpa nguvu katika karatasi kuliko katika kijiji.

Mwaka 1975 Serikali ilijaribu njia nyingine. Benki za biashara ziliagizwa kwamba angalau 17 kwa mia ya amana zao zikopeshwe kwa kilimo. Nia ilikuwa njema. Lakini agizo laweza kumwambia meneja akopeshe kilimo. Haliwezi kumlazimisha amchague mkulima mdogo aliye mwisho wa njia ya matope badala ya shamba kubwa lililo kando ya barabara ya lami.

MWAKA AMBAO RIBA ILIPAA

Wakopaji wengi wangali wanaukumbuka mwaka 2011. Mvua zilikuwa chache, mafuta yalikuwa ghali, na mwezi wa Oktoba dola moja ya Marekani ilipita shilingi 105. Mwezi wa Novemba bei za vitu zilikuwa zimepanda kwa karibu 20 kwa mia kuliko mwaka uliotangulia. Benki Kuu, ambayo mwezi wa Septemba riba yake ilikuwa 7 kwa mia, iliipandisha mwezi wa Oktoba kuwa 11, Novemba ikawa 16 na nusu, na Desemba ikafika 18. Haikuanza kuishusha mpaka Julai 2012.

Shilingi ilipata nguvu, na bei zikatulia. Kwa upande huo dawa ilifanya kazi. Lakini wapo waliokuwa wamekwisha kukopa, na katika karatasi zao palikuwa na maneno machache ambayo wengi hawakuyasoma: kwamba benki yaweza kubadili riba wakati wowote. Wastani wa riba za mikopo nchini ulipita 20 kwa mia.

Chukua mfano wa mkulima aliyekopa shilingi 500,000 kununua ng'ombe wa maziwa kwa riba ya 14 kwa mia. Kwa mwaka mmoja riba yake ilikuwa shilingi 70,000. Riba ilipofika 22 kwa mia, ikawa shilingi 110,000. Ng'ombe hawakuongezeka, nyasi hazikuongezeka, wala maziwa hayakuongezeka, lakini mkulima alidaiwa shilingi 40,000 zaidi. Gunia la mahindi likiuzwa kwa shilingi 2,500, hayo ni magunia 16 yaliyotoka ghalani bila kununua hata msumari mmoja. Kwa mwenye ekari mbili, hiyo ni sehemu kubwa ya mavuno yake yote.

Ndipo ghadhabu ilipoanza kukua. Watu waliona benki zikitangaza faida kubwa mwaka hata mwaka, na wao wenyewe wakilemewa. Wakawaambia Wabunge wao.

SHERIA YA MWAKA 2016

Bunge lilikuwa limekwisha kujaribu mara moja. Mwaka 2000 Mbunge wa Gem, Joe Donde, alipitisha sheria ya kuwekea riba kikomo, lakini mahakama iliitangua kabla haijafanya kazi. Safari hii mswada uliletwa na Mbunge wa Kiambu, Jude Njomo. Rais Uhuru Kenyatta aliutia sahihi tarehe 24 Agosti 2016, na sheria ikaanza kutumika tarehe 14 Septemba. Ilisema kwamba benki yoyote isitoze riba inayozidi ile ya msingi ya Benki Kuu kwa zaidi ya 4 kwa mia. Riba ya msingi iliposhushwa kuwa 10 kwa mia mwezi huo huo, kikomo kikawa 14.

Kabla ya hapo wastani wa riba ulikuwa karibu 18 kwa mia. Siku hiyo wengi walishangilia, na waliokuwa na mikopo tayari walipata nafuu ya kweli. Aliyekuwa akidaiwa shilingi 300,000 kwa riba ya 18 alilipa riba ya shilingi 54,000 kwa mwaka. Kwa 14 akalipa shilingi 42,000. Shilingi 12,000 zilibaki nyumbani, zikalipa karo. Hakuna haki kusema kwamba sheria ile haikumsaidia mtu.

Lakini wale waliokuja baadaye kubisha hodi walikuta mlango umefungwa. Sababu yake yaweza kuonekana kwa hesabu ya kawaida ambayo mtoto wa shule aweza kuifanya.

Benki ina shilingi 10,000,000. Yaweza kuwakopesha wakulima 100, kila mmoja shilingi 100,000, au yaweza kuikopesha Serikali zote. Serikali wakati ule ililipa karibu 11 kwa mia kwa hati za Hazina za mwaka mmoja, nayo hailipi kwa kusukumwa. Benki ingepata shilingi 1,100,000 bila meneja kutoka katika kiti chake.

Sasa wale wakulima 100. Wawe waaminifu wote, lakini mwaka haukosi ukame, ugonjwa wa ng'ombe, au msiba. Wakishindwa watano tu, 95 watalipa riba ya shilingi 14,000 kila mmoja, jumla shilingi 1,330,000. Ondoa shilingi 500,000 zilizopotea kwa wale watano. Zabaki shilingi 830,000, na bado makarani wa kwenda kuyaona mashamba hayo 100 hawajalipwa. Riba ingekuwa 18 kwa mia, wale 95 wangelipa shilingi 1,710,000, na baada ya hasara zingebaki shilingi 1,210,000. Hapo benki ingeona faida kidogo ya kumkopesha mkulima kuliko kuikopesha Serikali.

Basi sheria haikuiamuru benki imkopeshe mkulima kwa 14. Iliikataza kumkopesha kwa zaidi ya 14. Kati ya maneno hayo mawili pana shimo kubwa, na wakopaji wadogo ndio waliotumbukia. Ukuaji wa mikopo kwa watu na makampuni, ambao ulikuwa umekwisha kuanza kupungua kabla ya sheria, ulishuka mpaka 2 na kitu kwa mia mwisho wa mwaka 2017. Taarifa ya Benki Kuu ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba mikopo midogo ilipungua na benki zikaelekea kwa wakopaji wakubwa. Wengine waliofukuzwa benki walikwenda kukopa kwa simu, ambako ada ya 7 na nusu kwa mia kwa mwezi mmoja haikuwa jambo la ajabu. Kwa mwaka mzima ada hiyo ni kama 90 kwa mia. Mtu aliyekingwa asilipe 18 akaishia kulipa mara tano yake.

Sheria ilifutwa mwezi wa Novemba mwaka 2019. Yaliyotokea yalikuwa yale yale ya sheria ya mwaka 1948: ukuta uliojengwa kumkinga mkopaji na mvua ukamfungia nje ya nyumba.

KIWANDA NA SHAMBA

Wapo wakulima wanaosema kwamba taabu za viwanda haziwahusu. Hilo ni kosa. Kiwanda cha maziwa hununua maziwa leo, hupeleka pakiti dukani kesho, na hulipwa na duka baada ya mwezi au miezi miwili. Katikati ya siku hizo lazima kilipe umeme, mishahara na mkulima. Mkopo wa muda mfupi kutoka benki ndio unaolijaza pengo hilo. Benki ikikaza mkono, mwenye kiwanda hutazama ni nani awezaye kungoja. Kampuni ya umeme haingoji, hukata waya. Wafanyakazi hawangoji, hugoma. Anayengoja ni mkulima. Kwa hiyo malipo ya maziwa yaliyozoea kuja tarehe 5 huja tarehe 25, na mkulima huwa amekikopesha kiwanda bila kujua, tena bila riba.

Vivyo hivyo kwa mtengenezaji wa majembe, kwa mwenye kinu cha unga, na kwa mwenye karakana ya pampu za maji. Kila mmoja akikosa mkopo hununua kidogo na kuajiri wachache. Kijana aliyetoka shambani kutafuta kazi mjini hurudi nyumbani, na shamba la ekari tatu hulisha mdomo mmoja zaidi.

SERIKALI NAYO NI MKOPAJI

Jambo moja halisemwi mara nyingi. Katika foleni ya benki, Serikali yenyewe imo, tena imesimama mbele. Mwezi wa Februari 2024 iliuza hati za mkopo wa barabara na miradi mingine kwa faida ya 18 na nusu hivi kwa mia bila kodi. Mwezi huo huo riba ya msingi ya Benki Kuu ilifikishwa 13 kwa mia. Nani atamlaumu meneja wa benki akiona ni afadhali kukopesha huko kuliko kwenda kukagua zizi la ng'ombe?

Mwisho wa mwaka 2024 jumla ya mikopo kwa watu na makampuni haikukua bali ilipungua kidogo. Sehemu ya upungufu huo ilitokana na kupata nguvu kwa shilingi, kwa kuwa mikopo ya dola ilihesabiwa kwa shilingi chache zaidi, lakini sehemu nyingine ilikuwa ughali wa riba. Benki Kuu ilianza kulegeza mkono mwezi wa Agosti 2024, na ilipofika Juni 2025 riba yake ya msingi ilikuwa 9 na robo tatu. Riba za benki kwa wateja zilifuata nyuma kwa mwendo wa kinyonga. Benki zina desturi hiyo: riba ikipanda hupanda nayo kwa lifti, na ikishuka hushuka kwa ngazi.

Kwa hiyo anayetaka mkulima apate mkopo kwa bei nafuu hana budi kuuliza kwanza Serikali yenyewe inakopa kiasi gani na kwa riba gani. Kuilazimisha benki kwa sheria huku Hazina ikiipa benki hiyo hiyo faida nono ni kumkataza paka asinywe maziwa na kuliacha bakuli wazi mbele yake. Kilimo huleta zaidi ya sehemu moja katika tano ya pato la nchi, lakini katika mikopo yote ya benki sehemu yake kwa miaka mingi haijafika shilingi 5 katika kila shilingi 100.

MAMBO AWEZAYO MKULIMA

Mkulima hawezi kuiamuru Benki Kuu. Lakini yapo mambo yaliyo mikononi mwake, na yafaa ayashike.

La kwanza ni daftari. Wazee walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Mkulima anayeweza kumwonyesha meneja hesabu ya misimu mitatu, magunia aliyovuna, bei aliyopata, na gharama aliyotumia, amejibu nusu ya swali la kwanza la meneja kabla halijaulizwa.

La pili ni kusoma karatasi kabla ya kutia sahihi. Aulize kama riba yaweza kubadilika, na ikibadilika ataarifiwa siku ngapi mbele. Aulize ada zote, si riba tu. Aulize pia siku za malipo. Mwenye chai au maziwa hulipwa kila mwezi, na mkopo wa kila mwezi humfaa. Mwenye mahindi hulipwa mara moja, na mkopo unaotaka malipo mwezi wa Mei humfanya auze mbuzi ili alipie mbegu ambazo bado zimo ardhini.

La tatu ni kujua sheria zinazomlinda. Kwa sheria ya benki, mkopo ukishindwa kulipwa, riba inayoongezwa tangu hapo haiwezi kupita kiasi cha deni kilichokuwa kimebaki siku ule mkopo uliposhindikana. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, nyumba ya mume na mke haiwezi kuwekwa rehani bila idhini ya mwenzi. Mke asikubali kutia sahihi kama anayetia baraka tu. Sahihi yake ni ufunguo wa mlango wa nyumba ya watoto wake. Tena tangu sheria ya mwaka 2017 ya mali inayohamishika, mkopaji aweza kuweka rehani ng'ombe, mashine au mazao, bila kugusa ardhi.

La nne ni ushirika. Vyama vya akiba na mikopo hukopesha wanachama kwa fedha zao wenyewe. Kamati yake humjua mkopaji, hujua baba yake, na hujua kama ng'ombe aliyemtaja yupo au hayupo. Ujuzi huo ndio unaoikosa benki iliyo mbali, na ndio unaopunguza hasara, na hasara ikipungua riba hupungua. Lakini chama nacho hutaka kulindwa. Wanachama wahudhurie mkutano wa mwaka na kuuliza hesabu bila haya, kwa kuwa chama kisichoulizwa huliwa.

La mwisho ni kukopa kwa kazi inayozaa. Mbegu, mbolea, ng'ombe wa maziwa na pampu ya maji huzaa fedha ya kulipia deni. Sherehe haizai. Ndiyo maana kukopa huitwa harusi na kulipa huitwa matanga.

Mkono wa Serikali utakazwa tena siku moja, kama ulivyokazwa zamani, na utalegezwa tena. Mkulima mwenye daftari lake, chama chake na deni analolielewa hatayumba kila upepo unapogeuka Nairobi. Na Serikali inayotaka kumsaidia ikumbuke mambo ya mwaka 1948 na ya mwaka 2016: mkopaji halindwi kwa kufungiwa nje. Hulindwa kwa riba iliyo wazi, kwa shilingi iliyo imara, na kwa Hazina isiyosukumana naye katika foleni moja.